Sauti za kubadilisha mawimbi ya ubongo: nilichokikuta ndani ya faili linalouzwa kwa wanafunzi hapa Mwanza

1. FundiMiksa (Nyegezi)

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti. Nafunga na kuendesha miksa na spika kwenye kumbi, harusi na makanisa hapa Mwanza, na mara nyingi humu mimi ni msomaji tu. Leo nimelazimika kufungua uzi kwa sababu mpwa wangu, anayesoma chuo huku Malimbe, alinijia wiki mbili zilizopita na faili la sauti alilouziwa shilingi elfu tano, akaniomba nilipime kwa vifaa vyangu kabla hajatoa fedha nyingine ya kununua mawili zaidi. Aliyemuuzia alimwambia kwamba sauti ile huupeleka ubongo kwenye mawimbi ya alfa, yaani yale ya utulivu, ndani ya dakika kumi, kwamba akiisikiliza huku anasoma hatasahau alichosoma, na kwamba lipo faili la pili la usingizi na la tatu la kuondoa woga wa mtihani.

Kabla sijasema nilichokikuta, nieleze kwanza kinachodaiwa, maana msingi wake si uongo. Sikio la binadamu husikia kuanzia takribani hezi 20 hadi hezi 20,000 (hezi moja ni mzunguko mmoja kwa sekunde), ilhali wimbi la alfa la ubongo lina mizunguko 8 hadi 13 tu kwa sekunde. Sauti ya hezi 10 haisikiki kama toni, na spika za simu haziwezi hata kuitoa. Kwa hiyo hutumika njia ya pembeni: sikio la kushoto hupewa toni ya hezi 200 na la kulia toni ya hezi 210, kila moja ikiwa imenyooka kabisa, na msikilizaji husikia toni moja inayopiga mara kumi kwa sekunde. Mapigo hayo hayamo kwenye spika ya kushoto wala ya kulia. Huzaliwa ndani ya kichwa, kwenye shina la ubongo, mahali ambapo mishipa ya fahamu kutoka masikio mawili hukutana kwa mara ya kwanza. Mwanafizikia wa Prussia, Heinrich Wilhelm Dove, ndiye anayetajwa kuyagundua, na mwaka unaotajwa ni 1841, wakati hakuna hedifoni wala umeme majumbani.

Mtu anaweza kuuliza ubongo unalinganisha masikio mawili kwa faida gani. Jibu analo mvuvi yeyote wa dagaa. Usiku wa giza, ambao ndio usiku wa kazi yake, akisikia injini ya boti hugeuza uso upande ule ule bila kuiona. Sauti ya injini hufika sikio moja mapema kuliko la pili kwa muda usiotimia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na shina la ubongo hupima tofauti hiyo. Mapigo ya masikio mawili ni mtambo huo huo wa kutafuta mwelekeo, umepewa kitendawili ambacho ziwa haliwezi kuutegea. Na kwa kuwa mishipa hiyo hufuata vizuri mizunguko ya toni za chini tu, mapigo hupotea toni zikipanda sana. Gerald Oster wa New York, aliyelifufua somo hili mwaka 1973, aliandika kwamba husikika vizuri zaidi toni zikiwa karibu na hezi 440, na kwamba juu ya hezi 1,000 hufifia na kutoweka.

Sasa nirudi kwenye faili. Nilipolifungua kwenye kompyuta nilitarajia mistari miwili inayotofautiana, mmoja wa chaneli ya kushoto na mwingine wa kulia. Nilikuta mistari miwili inayofanana mpaka nukta ya mwisho. Niliondoa chaneli moja kutoka kwa nyingine, kazi ya sekunde chache, kikabaki kimya kitupu. Maana yake ni kwamba mtu fulani aliwahi kuwa na sauti halisi ya masikio mawili, kisha ama akaicheza kwenye spika na kuirekodi kwa simu, ama akaipitisha kwenye programu iliyokusanya chaneli mbili kuwa moja. Toni ya 200 na ya 210 zilikwisha kuchanganyika kabla ya kumfikia mnunuzi. Mapigo aliyoyasikia mpwa wangu yalikuwa ndani ya sauti yenyewe, ya aina ile ile unayoisikia umeme ukikatika pale Makoroboi na jenereta za maduka mawili jirani zikaunguruma kwa kasi zinazokaribiana.

Kilichonifanya nije humu ni kwamba mpwa wangu anasema wenzake wengi hosteli wamelinunua faili hilo na wanaapa linafanya kazi. Wanachokiapia hakimo ndani yake. Ni nini basi kinachofanya kazi?

2. Dogo wa Malimbe

Mkuu FundiMiksa, shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao walionunua na sioni aibu kulisema. Chumba changu kina baa upande mmoja na mashine ya kusaga upande wa pili, na kabla ya faili hilo nilikuwa siwezi kumaliza kurasa tano. Tangu nianze kulisikiliza, ninakaa mezani saa mbili usiku na kuinuka saa sita bila kugusa simu. Wewe unasema chaneli zinafanana, nami sibishani na kompyuta yako, lakini mgonjwa aliyepona huwa hageuki kubishana na dawa.

3. FundiMiksa

Marahaba, mdogo wangu. Sikatai kwamba unasoma vizuri zaidi, na nakupongeza. Ninachouliza ni kama sababu ni ile uliyouziwa. Hebu tazama ulivyojieleza mwenyewe: una baa na mashine ya kusaga, kisha umeweka masikioni mlio usiobadilika unaofunika kelele zote mbili. Umesema pia huigusi simu, na huenda huigusi kwa sababu ndiyo inayocheza faili na hutaki ikatike. Tena kila siku unakaa saa ile ile, meza ile ile, na ukilivaa lile faili mwili unajua sasa ni kazi. Mambo hayo matatu yangetokea hata kama ningekupa mlio wa feni.

Kuhusu alfa yenyewe, kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Daktari wa Ujerumani, Hans Berger, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 katika mji wa Jena, akauchapisha mwaka 1929 baada ya kusitasita miaka mitano. Wimbi la kwanza alilolipa jina ni hilo la alfa, na aliona kwamba hupanda mtu anapofumba macho na kutulia, kisha hushuka mara anapofumbua macho au kuanza kufikiria jambo gumu. Kijana anayekodolea macho kitabu cha takwimu hapaswi kutarajia alfa nyingi nyuma ya kichwa chake. Angekuwa nayo nyingi, ningemshauri akalale.

Majina haya tumezoea kuyasikia kama vyumba vya nyumba: delta chini ya mizunguko 4 ni usingizi mzito, theta kutoka 4 hadi 8 ni kusinzia, alfa ni utulivu, beta kutoka 13 hadi 30 ni kazi, gama ni juu ya hapo. Ubongo hauingii chumba kimoja na kufunga mlango. Mawimbi yote yapo kwa pamoja, sehemu hii yakiwa makubwa na sehemu ile yakiwa madogo, na kinachopimwa juu ya ngozi ya kichwa ni mabaki tu, makumi machache ya sehemu za milioni za volti, ya seli nyingi mno zinazofanya kazi kwa pamoja. Ndiyo maana dai la kuleta wimbi ili hali ya akili ifuate linanitia shaka. Jiko likiwashwa hutoa moshi, lakini ukijaza moshi jikoni ugali hauivi.

Nikuombe jambo moja. Usiku wa leo, faili likiwa linacheza na mapigo yanasikika, toa hedifoni ya sikio moja. Kama mapigo ni ya masikio mawili kweli, yatakoma papo hapo na utabaki na toni iliyonyooka. Kama yataendelea, yamo ndani ya sauti. Mtihani huu hauhitaji kompyuta yangu wala mtu wa kumwamini. Anayecheza sauti hizi kwenye spika moja ya bluetooth, au anayeendesha bodaboda na hedifoni sikio moja, asijisumbue kupima: hakuna masikio mawili ya kulinganishwa hapo.

4. Nshomile wa Kemondo

Ndugu FundiMiksa, umeandika vizuri kwa mtu wa miksa, na ukitoka kwa Mhaya hayo ni maneno makubwa. Ila umelihukumu faili la kijana kwa haraka, na ninaomba niongeze kitu kitakachokushangaza.

Mwaka 2020 watafiti wa Montreal, Kanada, waliwasikilizisha watu aina zote mbili za mapigo: yale ya masikio mawili na yale yaliyochanganywa kabla, kama ya faili la Dogo. Walipima umeme wa ubongo kwa wakati huo huo. Aina zote mbili ziliufanya ubongo ufuate mapigo, lakini yale yaliyochanganywa yaliufuatisha kwa nguvu zaidi kuliko yale ya masikio mawili. Kwa maneno mengine, aliyeharibu faili kwa kulirekodi vibaya amemuuzia kijana kitu kinachoutikisa ubongo zaidi ya bidhaa halisi. Lakini watafiti hao hao walipima pia hisia za wasikilizaji, na hakuna aina iliyozibadilisha.

Hapo ndipo penye fundo. Ubongo kufuata mapigo ni jambo moja, na mtu kubadilika hali ni jambo jingine. Sikio linapopigwa mara kumi kwa sekunde, ni lazima sehemu fulani ya ubongo ijibu mara kumi kwa sekunde. Ingekuwa haijibu, tungesema mtu huyo hasikii. Hospitali hutumia mwitikio wa namna hiyo kupima usikivu wa watoto wachanga waliolala, ambao hawawezi kuinua mkono na kusema wamesikia, na hakuna mama aliyewahi kuambiwa kwamba kipimo hicho kimempeleka mwanawe kwenye hali ya juu ya akili.

Kuhusu ushahidi kwa ujumla, haujakaa upande mmoja. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 22 na kuona athari ya wastani kwenye kumbukumbu, wasiwasi na maumivu. Mwaka 2023 ukaja mwingine uliouliza swali la msingi zaidi, yaani kama mawimbi ya ubongo hufuata kweli mapigo hayo. Kati ya tafiti 14 ulizozipitia, 5 zilikubali, 8 zilipinga na 1 ilikuwa huku na huku. Kila mtafiti ana toni zake, dakika zake na namna yake ya kupima, kwa hiyo kuzilinganisha ni sawa na kulinganisha bei ya sangara wa Kirumba na ya senene wa Bukoba.

5. MamaWodi

Wapendwa, mimi ni muuguzi na nimehudumia wagonjwa wa upasuaji kwa miaka mingi. Naomba nizungumzie woga, kwa sababu nauona kila asubuhi mgonjwa anapovuliwa pete na kuvalishwa gauni la kijani.

Upo utafiti wa Uingereza wa mwaka 2005 uliofanywa kwa wagonjwa 108 waliokuwa wakisubiri upasuaji. Waliosikiliza sauti yenye mapigo ya masikio mawili walipungukiwa wasiwasi kwa asilimia 26.3, waliosikiliza sauti ile ile bila mapigo kwa asilimia 11.1, na wasiosikiliza chochote kwa asilimia 3.8. Nimeutaja kwa sababu haki ni kutaja pia ushahidi unaowaunga mkono wauzaji. Hata hivyo, tazameni kundi la katikati. Sehemu ya nafuu ilitokana na mtu kupewa kitu kizuri cha kusikiliza, akaachwa atulie. Wodini kwetu nafuu hiyo ningeichukua leo hii bila kuuliza inatoka chaneli ipi.

Linalonisumbua mimi ni sauti kuwekwa juu mno. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda salama hupungua kwa nusu, hata ukifika desibeli 90 unabaki na saa nne tu kwa wiki nzima. Dogo, wewe umesema unasikiliza saa nne kila usiku ili kuishinda baa na mashine ya kusaga. Hedifoni ndogo za bei rahisi hazizuii kelele za nje, na mtu hujikuta anaongeza sauti mpaka kelele imezwe. Ukitoka mezani masikio yakawa yanalia mlio mwembamba, hiyo ni taarifa kutoka kwenye chembe ambazo zikifa hazioti tena.

Niongeze kwamba miwani inayomulika taa za kuwakawaka, ambayo nimeona inatangazwa pamoja na sauti hizi, haifai kwa mtu mwenye kifafa, kwa sababu mwanga wa namna hiyo unaweza kuamsha degedege kwa baadhi yao. Na mtu anayemeza dawa za kifafa, za usingizi au za sonona asiziache eti amepata faili.

6. Ng'wanaKisesa

Mwangaluka, wanangu. Nimesoma habari za Prussia na Kanada nikatabasamu, kwa sababu nilizaliwa na kukulia Kisesa, karibu na Bujora, na sijaona mahali pengine ambapo sauti imefanyishwa kazi kama kwetu. Mimi nimelima kwa ngoma. Watu walijipanga shambani kwa mstari, mpiga ngoma akiwa mbele yao, na majembe yakapanda na kushuka kama jembe moja. Jua likawa la utosi, nasi tukaendelea, na jioni ndipo mtu anagundua kwamba viganja vimechunika. Bugobogobo mnayoiona leo kwenye sherehe, watu wakirusha majembe hewani na kuyadaka, ilitokana na kazi hiyo. Kwenye mashindano ya Wagika na Wagalu, vyama viwili pinzani vya ngoma vya Wasukuma, nimeona mchezaji akiwa hasikii akiitwa jina lake, macho yametulia mbali, mpaka ngoma ikome. Je, hayo siyo mawimbi ya ubongo mnayoyatafuta kwenye simu? Na kama siyo, ni nini?

7. FundiMiksa

Shikamoo mzee. Swali lako liliwahi kuulizwa maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Andrew Neher aliwapigia watu ngoma huku akipima umeme wa ubongo wao, akaona ubongo unafuata mapigo, na mwaka 1962 akadai kwamba hiyo ndiyo sababu ya watu kupandwa na mizuka kwenye sherehe za ngoma. Mfaransa Gilbert Rouget, mtaalamu wa muziki wa jamii mbalimbali, alimjibu baadaye kwa hoja ambayo mimi naipenda: kama ngoma peke yake ingetosha kufanya hivyo, basi nusu ya Afrika ingekuwa imepandwa mwaka mzima. Sisi wa Mwanza tunaweza kushuhudia. Ngoma ya harusi hupigwa usiku kucha, na watu wanabaki na akili timamu ya kuhesabu ni nani ametoa zawadi gani. Ngoma hiyo hiyo ikipigwa mahali pengine, kwa nia nyingine, mbele ya watu wanaojua nini kinatarajiwa, mmoja wao huanguka. Masafa ya ngoma hayajabadilika hata kidogo.

Lakini mzee umegusa jambo ambalo hedifoni hazinalo. Kwenye shamba lako ngoma iliingia mikononi, mgongoni na kwenye pumzi, na kila mtu aliona mwenzake akiinuka na kushuka pamoja naye. Mwaka 2010 watafiti wa Oxford waliwapima wapiga makasia wa chuo chao baada ya mazoezi ya kiwango kile kile, mara wakipiga peke yao na mara wakipiga pamoja kwa mwendo mmoja. Walipopiga pamoja walistahimili maumivu zaidi kuliko walipopiga peke yao. Watafiti wanadhani sababu ni endofini, kemikali ambayo mwili hujitengenezea ya kupunguza maumivu. Viganja vyako vilivyochunika bila wewe kujua vinaingia kwenye maelezo hayo kuliko kwenye maelezo ya alfa. Baba yangu, aliyevuka mara nyingi kwa makasia kwenda visiwani kabla injini hazijawa za kila mtu, alikuwa akisema mtumbwi usio na wimbo ni mzito. Nilikuwa nikidhani anatania.

Kwa hiyo mzee, kwa maoni yangu, ulichokiona ni halisi kuliko kilicho kwenye faili la elfu tano, ila kinapita mlango mwingine.

8. Mwanakerewe

Nawashukuru wote. Mama yangu yuko Nansio, ana miaka sabini na kitu, na sasa anasahau mpaka njia ya kwenda kwa dada yake. Kuna mtu ameniambia sauti ya hezi 40 inatibu ugonjwa wa kusahau na kwamba Wamarekani wamekwisha thibitisha. Je, ninunue?

9. Nshomile wa Kemondo

Ndugu yangu, pole kwa mama. Habari hiyo ina mzizi wa kweli. Maabara ya Li-Huei Tsai katika chuo cha MIT ilichapisha mwaka 2016 kwamba mwanga unaowaka mara 40 kwa sekunde ulipunguza uchafu wa protini kwenye ubongo wa panya waliotengenezwa wawe na dalili za Alzheimer, yaani huo ugonjwa wa kusahau, na mwaka 2019 ikaonesha jambo linalofanana kwa kutumia sauti. Ni panya. Mwaka 2023 maabara nyingine ya New York ilirudia jaribio la mwanga ikashindwa kuona matokeo hayo. Kupima kwa binadamu hufanywa kwa vifaa maalumu na chini ya uangalizi, si kwa faili linalotumwa kwenye simu. Usinunue.

10. MamaWodi

Nami namwambia Mwanakerewe ampeleke mama akapimwe kabla ya jambo lolote. Kusahau kwa mzee kunaweza kutokana na tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona, au hata dawa anazomeza, na hayo yanatibika. Apimwe na masikio pia. Mzee asiyesikia vizuri huonekana anasahau, kumbe neno halikumfikia, na kupungua kwa usikivu ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa huo wenyewe. Kumvalisha hedifoni zenye mlio wa nguvu kutwa nzima kungekuwa kumwongezea tatizo.

11. FundiMiksa

Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu faili la usingizi. Kwa ufupi, jaribio zuri ninalolijua kuhusu sauti na usingizi lilifanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2013. Watu 11 walilala wakiwa wamefungwa vipimo vya umeme wa ubongo. Mashine ilisubiri wimbi zito la usingizi lianze kupanda, kisha ikatoa mlio mfupi laini wakati huo huo. Mawimbi yalikua, na asubuhi watu walikumbuka vizuri zaidi jozi za maneno walizojifunza jioni. Milio ile ile ilipotolewa bila kufuata mwendo wa wimbi, faida haikuonekana. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma wakati wake anapaa, ukisukuma ovyo unamsimamisha. Faili halijui wimbi lako liko wapi, kwa kuwa linacheza tu na halikusikilizi.

12. Dogo wa Malimbe

Wakubwa zangu, nimerudi na jibu. Jana saa tatu usiku nilitoa hedifoni ya kushoto. Mapigo yaliendelea kama yalivyokuwa. Nikairudisha, nikatoa ya kulia, yakaendelea vile vile. Nimeamini. Nimepunguza sauti pia kama MamaWodi alivyoelekeza, na sasa baa naisikia.

Ila naomba haki itendeke. FundiMiksa ana vifaa. Anitengenezee faili la kweli ili nilijaribu, tusije tukaihukumu bidhaa kwa kosa la muuzaji.

13. FundiMiksa

Ombi lako ni la haki. Nitatengeneza mafaili matatu, kila moja la dakika 30. La kwanza litakuwa na 200 kushoto na 210 kulia, la pili litakuwa na toni hizo zikiwa zimechanganywa masikio yote mawili, na la tatu litakuwa na 200 pande zote bila mapigo yoyote. Yote nitayafunika kwa sauti ya mawimbi niliyoirekodi asubuhi kwenye miamba ya Capri Point, ili mapigo yasijulikane kirahisi. Wewe na mpwa wangu mtasikiliza moja kila usiku kwa majuma mawili, kwa zamu nitakayoipanga, na asubuhi kila mmoja ataandika kurasa alizosoma na alichokumbuka. Ni marufuku kutoa hedifoni sikio moja.

14. MamaWodi

Nami nitajiunga, usiku ambao sina zamu. Lakini nina sharti. FundiMiksa umekwisha kutoa maoni yako humu, na kila mtu anajua unatarajia nini. Ukiwa wewe ndiye unayejua lipi ni lipi, utatuuliza kwa sauti ya mtu anayejua, nasi tutajibu kwa kukufurahisha. Wodini tunasema anayetoa kidonge asijue ni kipi.

15. FundiMiksa

Nimekubali, na nimeona haya kidogo. Mafaili matatu nimemtumia Nshomile kwa ujumbe wa faragha. Ameyabadilisha majina kuwa Sato, Sangara na Furu, amepanga zamu yeye mwenyewe, na orodha ya lipi ni lipi anayo yeye Kemondo. Mimi nimefuta nakala zangu. Mwenye hedifoni ya masikio mawili na subira ya majuma mawili amwandikie Nshomile kabla ya Jumapili.